Karatasi za Harry Johnston na waliokaa upande wa pili wa meza

Jina la Harry Johnston limebaki sehemu mbili ambazo watu hawazitazami kwa pamoja. Ya kwanza ni msitu wa Ituri, Kongo, anakoishi okapi, yule mnyama wa ukoo wa twiga mwenye milia miguuni kama punda milia. Wanasayansi humwita Okapia johnstoni. Ya pili ni mahakama zinazosikiliza kesi za ardhi nchini Uganda. Mwenye hati ya mailo, yaani mmiliki wa ardhi iliyogawiwa Buganda kwa maili za mraba, anaposhtakiana na mtu wa kibanja, mkulima anayeishi juu ya ardhi hiyo bila hati, aliyezaliwa na kuwazika wazazi wake kwenye shamba lile lile, chimbuko la shauri lao ni mkataba ambao Johnston aliutia sahihi Mengo, makao ya mfalme wa Buganda, tarehe 10 Machi 1900.

Shuleni tulikaririshwa mawakala wa ukoloni: wapelelezi, wamisionari, wafanyabiashara. Kila mmoja na fungu lake, na alama zake kwenye mtihani. Johnston anauvuruga mpangilio huo. Alianza akichora ndege na maua, akawa mpelelezi, kisha konseli (mwakilishi wa serikali ya Uingereza ugenini), kisha kamishna, akapewa cheo cha Sir mwaka 1896 na kustaafu akiwa hajafika miaka 45. Waandishi wa wasifu wake hupenda kuyagawa maisha hayo mafungu mawili, kijana msafiri halafu mtumishi wa serikali, kana kwamba siku moja alivua buti za porini akavaa koti la ofisini. Mimi naona kazi ilikuwa ile ile tangu mwanzo hadi mwisho: kukusanya sahihi. Na matokeo ya kila sahihi hayakutegemea sana kama Johnston siku hiyo aliamka na roho nzuri au mbaya. Yalitegemea nani aliketi mbele yake, anajua nini kuhusu karatasi, na nani hakuitwa kabisa kwenye kikao.

Alizaliwa London Juni 1858. Alikuwa mfupi, mwenye sauti nyembamba, na kichwa chake kilishika lugha upesi mno. Alisomea uchoraji, akaenda Tunis kuchora, na huko ndiko alikoona kwa macho jinsi Ufaransa ilivyokuwa ikijiandaa kuimeza nchi ya watu. Mwaka 1882 alikwenda Angola, akapanda hadi mto Kongo na kukutana na mpelelezi Stanley, ambaye wakati huo alikuwa akimtafutia mfalme Leopold wa Ubelgiji sahihi za machifu. Sidhani kama kijana yule alihitaji darasa jingine.

Mwaka 1884 mashirika ya kisayansi ya Uingereza yalimtuma Kilimanjaro kukusanya mimea, ndege na wadudu. Alitoka Mombasa na msafara wa wapagazi, akafika Moshi kwa Mangi Rindi, ambaye watu wa pwani na Wazungu walimwita Mandara. Ukisoma masimulizi ya Kizungu ya enzi ile utadhani Rindi alikuwa mzee wa kijijini aliyeshangazwa na ngozi nyeupe. Sivyo kabisa. Rindi alikuwa na jicho moja lakini lilitosha. Alifanya biashara na misafara ya pwani kwa miaka mingi, na mmisionari Charles New, aliyepita kwake miaka ya 1870, aliondoka akiwa amenyang'anywa mali zake. Huyu hakuwa mtu wa kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Rindi alimpa Johnston mahali pa kujenga, na Johnston akajenga, akalima bustani, akaanza kukausha mimea yake. Kisha wakakosana, na sababu zake zinaeleweka kwa yeyote anayejua siasa za Uchagani za wakati ule. Rindi alikuwa na mahasimu pande zote, Kibosho na Marangu, na mgeni mwenye bunduki alikuwa mali. Alimtaka awe wa Moshi peke yake, amsaidie kupata silaha na mafundi. Mgeni naye alitaka kupanda mlima, na njia aliyoifuata hatimaye ilipita Marangu. Alidai kufika futi 16,315, karibu mita 5,000, dai ambalo wapandaji waliomfuata hawakulipokea wote kwa mikono miwili. Tuliache hilo, kwa kuwa lililokuja kuwa na uzito ni barua na mkataba.

Barua aliiandika Julai 1884 kwenda Wizara ya Mambo ya Nje, London. Mtu aliyetumwa kutafuta maua alieleza kwamba nchi hii ina rutuba na hewa nzuri, kwamba baada ya miaka michache lazima iwe ya Mwingereza, Mfaransa au Mjerumani, na kwamba yeye tayari yuko palepale na anaweza kuifanya ya Mwingereza. Angalia orodha ile ya washindani watatu. Wachaga hawamo, wala Sultani Barghash wa Zanzibar ambaye bendera yake ndiyo iliyojulikana pwani yote. Johnston alikuwa akila ndizi za Rindi huku akiandika hesabu ambayo ndani yake Rindi si mtu wa kuhesabiwa.

Mkataba uliodumu kwa manufaa ya Waingereza aliupata Taveta, kwa wazee waliokuwa wakitawala kwa baraza katika msitu ule wa mto Lumi, kituo ambacho kila msafara wa pwani ulipumzikia. Karatasi ile ilipita mikononi mwa mfanyabiashara Hutton wa Manchester, ikaingia katika mipango ya kundi la William Mackinnon, na kundi hilo ndilo lililozaa Kampuni ya Kifalme ya Afrika Mashariki ya Uingereza mwaka 1888. Wakati huohuo Mjerumani Carl Peters alikuwa Usagara akikusanya sahihi zake kwa mtindo uleule, mwishoni mwa 1884. Waingereza na Wajerumani walipokaa mwaka 1886 kugawana, mstari ulipanda kutoka mdomo wa mto Umba kuelekea ziwa Jipe, ukauzunguka mlima kwa kaskazini, ukamwachia Mjerumani Moshi na Mwingereza Taveta. Hadithi ya Malkia Victoria kumpa mjukuu wake wa Ujerumani mlima kama zawadi ya sikukuu ya kuzaliwa ni porojo tamu, na naielewa inapendwa kwa nini, kwa sababu inawafanya wakubwa waonekane wapuuzi. Ukweli unachukiza zaidi: mpaka wa Holili na Taveta, ambapo leo malori ya mahindi na vitunguu yanapanga foleni, una asili yake katika vikaratasi vya vijana wawili wenye haraka.

Rindi naye hakukaa bure. Mwaka 1885 jenerali wa Sultani, Lloyd Mathews, alipofika Moshi, Rindi alipokea bendera ya Zanzibar. Baada ya muda mfupi akaja Jühlke, mtu wa Peters, na Rindi akakubaliana naye pia. Wapo wanaosoma matendo hayo kama ujinga au usaliti. Mimi nayasoma kama mtu anayewapokea wateja wote hadi ajue nani ana bei nzuri. Kosa la hesabu yake lilikuwa moja tu, nalo ni kubwa: kwake mkataba ulikuwa urafiki unaoweza kuisha, kwa wenzake ulikuwa risiti ya kuonyeshana Ulaya. Nani angemwambia?

Tuvuke bara zima hadi delta ya Niger, kwa sababu kule ndiko Johnston alikopewa ajira rasmi, makamu wa konseli, mwaka 1885. Opobo ilikuwa chini ya Mfalme Jaja, mtu aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto, akapanda ngazi za biashara Bonny, akajitenga mwaka 1869 na kuanzisha dola lake lililodhibiti mawese. Jaja alikataa wafanyabiashara wa Kiingereza wapenye bara kununua moja kwa moja; yeye mwenyewe alisafirisha mawese yake hadi Uingereza. Na alikuwa makini na karatasi. Alipotia sahihi mkataba wa ulinzi na Waingereza alihakikisha kipengele cha biashara huria kimeondolewa. Kwa maneno mengine, Johnston alikuta mtu aliyesoma mkataba vizuri kuliko waliouandika.

Septemba 1887, akiwa kaimu konseli mwenye umri wa miaka 29, Johnston alimwita Jaja kwa mazungumzo na kumpa hakikisho la maandishi kwamba akikubali au akikataa masharti atakuwa huru kuondoka. Jaja akaja. Akaambiwa achague: apande meli ya kivita Goshawk apelekwe Accra kuhukumiwa, au aondoke na kuhesabiwa adui, mji wake upigwe mizinga. Huo ndio uhuru wa kuondoka aliouahidiwa. Alipanda meli. Alihukumiwa Accra, akahamishiwa visiwa vya Karibi, akafia Tenerife mwaka 1891 akiwa njiani kurudishwa nyumbani.

Sijui msomaji analipimaje, ila kwangu tukio la Opobo linasema mengi kuliko risala zote za Johnston kuhusu ustaarabu. Rindi alishindwa kwa sababu hakujua karatasi ile itatumikaje. Jaja alijua vizuri, na kwa sababu hiyo karatasi iliwekwa kando na mizinga ikaletwa. Anayesema mababu zetu waliponzwa na kutojua kusoma ajibu basi kuhusu Jaja.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Agosti 1888 Johnston aliandika katika gazeti la Times, bila kutaja jina lake, akieleza wazo la kuunganisha maeneo ya Waingereza kutoka kusini mwa Afrika hadi Misri. Mwaka uliofuata alikutana na Cecil Rhodes, tajiri wa madini wa Afrika Kusini, naye Rhodes akatoa pauni 2,000 za kugharimia msafara wa mikataba ambao hazina ya serikali haikutaka kuulipia. Mtumishi wa umma, kwa fedha ya tajiri, akipeperusha bendera ya taifa. Hapa kwetu tukilisikia jambo kama hilo leo tunalipa jina lake mara moja.

Msafara huo ulimfikisha ziwa Nyasa, na huko Kiswahili chake kilifanya kazi. Nkhotakota ilitawaliwa na Jumbe, wa ukoo wa wafanyabiashara wa pwani waliokuwa wamehamia hapo tangu miaka ya 1840, na Johnston alizungumza naye bila mkalimani na kupata sahihi yake. Kaskazini, karibu na Karonga, alikuwapo Mlozi, mfanyabiashara Mswahili aliyejenga boma na kupigana na kampuni ya Waskoti kwa miaka miwili. Oktoba 1889 Johnston alifanya naye mapatano ya amani. Hakuwa na askari wa kumshinda wakati ule, basi alimpa karatasi. Alipopata askari, Masingasinga kutoka jeshi la India waliovaa vilemba vya rangi alizozichagua mwenyewe, nyeusi, njano na nyeupe, na maafisa na mizinga ya kutosha, alirudi. Desemba 1895 boma la Mlozi lilivunjwa, na siku mbili baadaye Mlozi akanyongwa baada ya shauri lililosikilizwa na machifu wa Wangonde.

Mlozi hakuwa malaika, na nisieleweke vibaya. Aliuza watu, na mauaji ya Wangonde waliokimbilia kwenye ziwa dogo la Kambwe mwaka 1887 yanatajwa kwa uchungu hadi leo. Machifu waliomhukumu walikuwa na kisa cha kweli naye. Lakini mapatano ya 1889 yanaonyesha tabia ya karatasi mikononi mwa dola changa: inafunga upande mmoja na kuupa upande wa pili muda.

Nitakaa kidogo kwenye hati za ardhi za Nyasaland, Malawi ya leo, kwa kuwa hapa Johnston anastahili kusomwa kwa haki. Alipoanza kazi ya kamishna mwaka 1891, makao makuu Zomba, alikuta Wazungu wa nyanda za Shire wakidai maelfu kwa maelfu ya ekari walizosema wamenunua kwa machifu kwa nguo, shanga na bunduki. Angeweza kuidhinisha yote. Hakufanya hivyo. Aliyapitia madai moja moja, akapunguza mengine, na kwenye vyeti alivyotoa aliweka sharti kwamba vijiji na mashamba ya wenyeji yaliyokuwapo kwenye ardhi hiyo yasiondolewe bila idhini ya serikali. Rhodes alipotaka haki zote za ardhi na madini ziende kwa kampuni yake, Johnston alikataa, wakagombana Cape Town mwaka 1893, na fedha ya Rhodes ikakauka hadi hazina ya London ilipolazimika kuingilia. Haya ni mambo ya kumhesabia.

Sasa tazama lile sharti lilivyoishi. Cheti kilikaa kwenye kabati la mwenye shamba, kwa Kiingereza. Mwanakijiji aliyelindwa na sharti hakuwa na nakala, hakutajwa kwa jina, wala hakujua kwamba lipo. Wenye mashamba wakaendelea kudai thangata, yaani kazi ya bure badala ya kodi ya pango, kwa wakazi wa zamani na wahamiaji wapya bila kutofautisha. Mahali ambapo mfumo huo ulikuwa mkali ni shamba la familia ya Bruce pale Magomero, na ndipo wafuasi wa mchungaji John Chilembwe waliposhambulia Januari 1915. Ulinzi ulioandikwa vizuri, kwa lugha ya sheria, na mtu aliyemaanisha anachosema, haukumlinda yeyote. Mali bila daftari huisha bila habari, wahenga walisema. Ya Nyasaland ilikuwa na daftari, ila lilikaa kwa aliyechukua mali.

Uganda ndiko Johnston alikokutana na watu wa namna nyingine. Alipelekwa kama kamishna maalumu mwaka 1899 kwa sababu nchi ile ilikuwa ikiila hazina ya Uingereza. Askari wa Kisudani walikuwa wameasi mwaka 1897, Mwanga, Kabaka (mfalme) wa Buganda, na Kabarega, Mukama (mfalme) wa Bunyoro, walikuwa wamekamatwa na kupelekwa Shelisheli, reli kutoka Mombasa ilikuwa bado haijafika ziwani, na London ilitaka kodi. Agizo lilikuwa wazi: nchi ijilipie.

Kwenye kiti alikuwapo Daudi Chwa, mtoto mdogo, hivyo mazungumzo yalikuwa na walezi wake watatu: Katikiro (waziri mkuu) Apolo Kagwa, Mprotestanti, Stanislaus Mugwanya, Mkatoliki, na Zakaria Kisingiri. Kizazi hicho cha Mengo kilikuwa kimejifunza kusoma, wengine kwa Kiarabu na Kiswahili kabla ya vitabu vya Kiganda kuchapwa. Kagwa mwenyewe aliandika historia ya wafalme wa Buganda kwa mkono wake. Walikuwa na maaskofu wa kuwashauri na, muhimu zaidi, walikuwa na jeshi ambalo Waingereza walilihitaji kuwazima Wasudani na Wanyoro. Walijua thamani yao.

Johnston alifika Desemba 1899 akidhani atamaliza haraka. Mazungumzo yalivuta hadi Machi. Kodi ya rupia 3 kwa kila nyumba na rupia 3 kwa kila bunduki walikubali baada ya kunung'unika. Kwenye ardhi ndipo palipokuwa na mvutano, na hapo Kagwa na wenzake hawakuomba huruma, walidai idadi. Mkataba uliotoka unasomeka kama orodha ya mgawo wa nyama: eneo la Buganda lilikisiwa maili za mraba 19,600, Kabaka 350, Nuhu Mbogo, kiongozi wa Waislamu, 24 kwa ajili yake na watu wake, misheni 92, misitu 1,500, ardhi isiyolimwa 9,000 kwa Malkia, na 8,000 kwa machifu na wenye ardhi 1,000. Makisio hayo yalifanywa kabla ya mpima ardhi yeyote kuizunguka nchi. Walipopima, nchi ilionekana ndogo kuliko ilivyoandikwa, na aliyepungukiwa akawa Malkia, si machifu. Upimaji wenyewe uliendelea hadi miaka ya 1930.

Kazi ya kuamua nani apate maili ngapi na wapi iliachiwa Lukiiko, baraza la machifu haohao. Wakajigawia. Waliotarajiwa kuwa elfu moja wakazidi elfu tatu, na wenye sauti walichagua kwanza: ardhi nzuri, karibu na njia, yenye watu wengi wa kulipa. Kwa mara ya kwanza katika safari ya Johnston, upande wa pili wa meza ulikuwa na watu walioelewa karatasi sawasawa na yeye, na walitoka na nusu ya nchi. Kuna Waganda wanaojivunia hilo, na nawaelewa. Ukilinganisha na nyanda za juu za Kenya, ambako walowezi walichukua ardhi na wenyeji wakawa maskwota, Kagwa alifanya kazi kubwa. Ardhi nzuri ya Buganda haikwenda kwa walowezi.

Hata hivyo, kwenye meza ile palikosekana viti vitatu. Bakopi, wakulima wa kawaida, waliamka siku moja wakiwa wapangaji kwenye mashamba ya babu zao. Bataka, wakuu wa koo, walikuta viwanja vya makaburi ya koo vimeandikwa majina ya watu wa kabila moja lakini koo nyingine, mara nyingi machifu wa dini iliyoshinda vita vya miaka ya 1890. Na Bunyoro, iliyoshindwa vitani, ilikuta baadhi ya wilaya zake zimehesabiwa ndani ya saza (majimbo) 20 za Buganda. Kifungu cha mwisho kilisema maandishi ya Kiingereza ndiyo yatakayofuatwa na pande zote mbili. Pande mbili, ndivyo walivyoona. Zilikuwa angalau tano.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaomchukulia Johnston wa Uganda kama muungwana aliyejirekebisha baada ya Opobo, kama baadhi ya wanaomsifu wanavyotaka. Alikuwa mtu yuleyule. Aligongana na mwamba akapinda, na uzito wa kupinda kwake uliwaangukia wasiokuwapo. Wala sikubaliani na wanaomtwika yeye peke yake dhambi ya mailo. Majina ya walioandikwa kwenye orodha za mgawo si ya Kiingereza. Hilo ni gumu kulisema mbele ya hadhara yetu, kwa kuwa tumezoea historia ya ukoloni yenye mkosaji mmoja, mwenye kofia ngumu ya jua na soksi ndefu.

Yaliyofuata katika maisha yake niyapitie haraka. Mwaka 1900 aliwarudisha Ituri Wambuti, watu wafupi wa msitu ule, waliokuwa wamechukuliwa na Mjerumani mmoja kwenda kuonyeshwa Paris, na wao ndio waliompa habari za mnyama wa msituni. Alipata kwanza vipande vya ngozi vilivyokuwa vimekatwa mikanda, kisha afisa Mswidi wa jeshi la Leopold, Karl Eriksson, akamletea ngozi nzima na mafuvu. Johnston hakuwahi kumwona okapi akiwa hai, jina lake likabandikwa hapo milele. Wambuti na Eriksson hawakupata hata nukta. Alistaafu, akagombea ubunge kwa chama cha Liberal mara mbili na kushindwa. Aliandika dibaji ya kitabu cha E. D. Morel cha mwaka 1906 kilichofichua ukatili wa uvunaji wa mpira katika Kongo ya Leopold, jambo la heshima, ingawa siwezi kuacha kukumbuka ni nani aliyekuwa akipanda mto Kongo mwaka 1883 akistaajabia kazi ya Stanley. Akatoa majuzuu mawili ya ulinganisho wa lugha za Kibantu, 1919 na 1922, ambayo wanaisimu wameyapita lakini hawakuyatupa. Aliwahi pia kupendekeza kwamba Afrika Mashariki na ya Kati iwe Marekani ya Wahindi, yaani nchi mpya ya kuhamia watu wa India. Watu aliishi nao, lugha zao alizichunguza kwa mamia, bado akawa anatafuta nani wa kuwajaza nafasi.

Huku nyuma karatasi ya Mengo iliendelea kuzaa. Mwaka 1921 bataka walijipanga na kudai viwanja vyao vya ukoo, wakimlenga Kagwa waziwazi, na serikali ikalazimika kuunda tume. Wenye mailo walikuwa wamepandisha pango na ushuru wa mazao kila pamba ilipoleta fedha, hadi maafisa wa Kiingereza, ambao hawakuwa watetezi wa wanyonge, wakaona wakulima watakimbia mashamba. Kagwa alijiuzulu mwaka 1926 baada ya kukosana na kamishna wa jimbo, mgogoro ulioanzia, ukitaka kuamini, kwenye vibali vya pombe. Alifia Nairobi Februari 1927. Johnston alifariki Uingereza tarehe 31 Julai mwaka huohuo, akiwa amedhoofishwa na kiharusi. Na ni mwaka huohuo Lukiiko ilipitisha sheria ya busuulu na envujjo, iliyoweka kikomo cha pango na ushuru na kumkinga mtu wa kibanja asifukuzwe ovyo.

Sheria ile haikuvunja mailo. Ilimwacha mwenye hati na hati yake na mkulima na shamba lake, wote wawili juu ya udongo uleule, kila mmoja akiwa na haki asiyoweza kuitumia bila kumgusa mwenzake. Novemba 1964 kura ya maoni ilizirudisha wilaya za Buyaga na Bugangaizi kwa Bunyoro, lakini hati za mailo zilizokuwa zimetolewa kule kwa Waganda zilibaki halali. Idi Amin alifuta mailo kwa amri mwaka 1975, Katiba ya 1995 ikairudisha, Sheria ya Ardhi ya 1998 ikampa mwenye kibanja ulinzi mpya na marekebisho ya 2010 yakauongezea nguvu. Mkulima wa Mubende anayepokea barua ya kuhamishwa leo ana kifungu cha sheria upande wake. Kama babu yake, bado anahitaji mtu wa kumsomea, na wakili wa kulipwa kabla tarehe ya kesi haijafika.